Anayeteremka Pwani Apishwe

Nimerudi jana kutoka Mtendeni kwenye arobaini ya Fundi Mrisho, na mpaka sasa ninavyoandika haya kichefuchefu hakijanitoka. Si kwa chakula. Pilau ilikuwa nzuri, waliopika wanajua kupika, na nyama waliigawa bila ubahili. Kichefuchefu kilinianza pale kijana mmoja aliposimama na kipaza sauti chini ya turubai, akasema marehemu alikuwa baba wa udereva wa Tabora nzima, na kwamba katika wanafunzi wake wote hakuna hata mmoja aliyewahi kushindwa mtihani. Hata mmoja! Nilikuwa nimeshika tonge, nikalirudisha kwenye sahani. Yusufu, mwenzangu wa tangu ujana, alikaa kiti cha jirani, mzee sasa, meno yamebaki ya kuhesabu. Akanipiga kiwiko, akacheka kimya kimya mpaka mabega yakamtikisika. "Kasimiri," akaninong'oneza, "naona wamekusahau." Halafu yule kijana, Mungu anisamehe, akaja mpaka nilipokaa, akaniwekea kile kipaza sauti mdomoni. "Mzee wetu, shikamoo. Wewe ni katika wanafunzi wa mwanzo. Tuambie neno moja." Nikasimama, nikasema, "Alikuwa mwalimu. Mungu amrehemu." Nikakaa. Watu wakaitikia amina, wakadhani nimezidiwa na uchungu. Marehemu hasemwi vibaya msibani kwake, na mimi nina adabu zangu. Lakini hapa nipo nyumbani kwangu, meza ni yangu na kalamu ni yangu, kwa hiyo nitasema.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza bado, picha ya Malkia ipo kila ofisi, na mimi nilikuwa utingo. Vijana wa leo wakisikia utingo wanadhani ni kuning'inia mlangoni na kupiga miluzi. Utingo wetu ulikuwa wa kukaa juu ya mzigo, na mzigo wa tajiri wangu, Bwana Nasoro, ulikuwa ngozi. Ngozi za ng'ombe kutoka Urambo na vijiji vya huko, mbichi, zimepakwa chumvi kwa mkono mzito, zimekunjwa huku vipande vya mafuta vimezishikilia, na funza wanatembea humo utadhani wamelipa nauli. Juu ya ngozi hizo nilikaa, nililala, nilikula muhogo wangu wa kuchoma. Nikiruka chini kuweka gogo nyuma ya tairi, nzi waliruka pamoja nami. Jumapili kanisani nilikuwa nakaa benchi la mwisho peke yangu, na wala si kwa unyenyekevu. Mimi ni mtu wa kinyaa, nimezaliwa hivyo. Nikiona unywele kwenye mboga siku yangu imekwisha. Sasa mtu wa namna hiyo umweke juu ya ngozi mbichi kutoka Urambo mpaka Tabora, jua la utosi, halafu mvua, halafu jua tena. Nilikuwa natapika nje ya ubao wa lori, na Yusufu, utingo mwenzangu, alikuwa ananishika mkanda nisianguke, anacheka.

Kwa hiyo elewa nilichokuwa nakitaka. Nilitaka kushuka kutoka juu ya zile ngozi na kuingia ndani, kwenye kiti cha dereva, palipo na kioo mbele na mlango wa kufunga. Basi. Sikutaka utajiri, sikutaka kuonekana. Na njia ilifunguka, kwa sababu dereva wetu wa zamani macho yake yaliingia ukungu akaanza kupiga honi kwa visiki. Bwana Nasoro alituita barazani kwake, yeye amekaa na kikombe chake cha kahawa, sisi tumesimama mbali kidogo kwa ajili ya harufu yetu. "Sikilizeni," akasema. "Mimi lori ninalo, dereva sina. Mtu akiniletea leseni, nampa ufunguo. Mkileta wote wawili, mtapokezana safari. Asiyeleta abaki na gogo lake. Gari la kujifunzia nitawapa hapa hapa uani. Lakini mambo ya maswali, yale ya mdomo ya Mzungu, nendeni kwa Fundi Mrisho. Nimeshasema naye."

Darasa la Fundi Mrisho lilikuwa chumba cha nyuma katika ghala ya huyo huyo Bwana Nasoro, pale pale Mtendeni. Ukuta mmoja tu ulikutenga na ngozi zilizokuwa zikingoja treni, na ukuta wenyewe ulikuwa umelowa chini, unatoa majimaji ya rangi ya chai. Dirisha lilikuwepo, lakini Fundi alilifunga kwa gunia akisema upepo unamletea mafua. Kulikuwa na mkeka, taa ya chemni, kopo la samli lililokwisha samli, na sinia kubwa la shaba. Kopo lilikuwa la mate. Fundi alitafuna tumbaku tangu alfajiri, na alikuwa na shabaha ya hovyo, hivyo kila alipolenga kopo sehemu ya mkeka ilipata haki yake. Alikuwa mtu mkubwa, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti nzuri, hilo nalikubali. Alikuwa dereva wa jeshi la Mwingereza vitani Bama, yaani Burma, akarudi na koti la khaki na Kiingereza kilichovunjika miguu lakini kinatembea. Ndiyo maana kila mtihani ulipofanyika, yeye aliitwa kuwa mkalimani wa bwana wa magari, Mzungu wa serikali anayetoa leseni. Tuliona ni heshima kubwa, mwalimu wako akae upande wa Mzungu. Laiti tungejiuliza.

Na hilo sinia, sasa. Fundi Mrisho hakuwa na ubao wala chaki. Alifundisha kwa ugali. Mke wake alikuwa akileta sinia limejaa, ugali wa moto unafuka, na Fundi anautandaza kwa kiganja mpaka ukawa uwanja. Kisha kwa kidole gumba analima barabara: hii ya Urambo, hii ya Nzega, hii inakwenda stesheni. Palipo na mto anamimina mlenda. Katikati anafinyanga kipilefti, kitu ambacho mimi kwa macho yangu sikuwa nimekiona popote, nikaamini kwamba barabara zote za wakubwa zina kilima cha ugali katikati. Magari yalikuwa dagaa wa Kigoma, wamekaangwa na vichwa vyao, macho wazi. "Dagaa huyu ni wewe," anamwambia Yusufu. "Na huyu mnene ni Bwana Disii, mkuu wa wilaya. Mmefika njia panda pamoja. Nani anasimama?"

"Mimi, Fundi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yule ni Bwana Disii."

"Mpumbavu! Unasimama kwa sababu unatoka njia ndogo. Ingekuwa ni mimi ndani ya huyo dagaa, ungesimama vile vile."

Kunawa alinawa, tusimsingizie. Alinawa vizuri kabisa, kwa maji ya moto na kusema bismillahi. Taabu ilikuwa safari za mkono baada ya kunawa. Ulikwenda mdomoni kupanga tumbaku. Ulikwenda sikioni, na kidole cha mwisho alikiachia ukucha mrefu kwa kazi hiyo tu. Ulikwenda katikati ya vidole vya mguu, ambako alikuwa na fangasi wa vitani, akawakuna polepole huku amefumba macho akieleza ishara ya kupinda kulia. Kisha mkono ule ule ulirudi kwenye sinia kusukuma magari. Gari likitakiwa kuteleza kwenye matope, alililamba kwanza. Na somo likiisha, barabara inaliwa. Ndiyo ilikuwa desturi ya darasa lake, na wakubwa kabla yetu wote walipitia hapo: aliyekosea anakula njia panda aliyokosea, ili imwingie. Yusufu, ambaye hajawahi kuona kinyaa tangu azaliwe, alikuwa akikosea kwa makusudi karibu na dagaa wakubwa.

Mimi nilimeza. Nilikuwa nachukua tonge dogo kutoka ukingoni, mbali na njia kuu, nalipitisha kooni bila kutafuna, machozi yananilenga. Kukataa sinia la mtu aliyekukaribisha si jambo dogo kwetu. Unakuwa umemwambia kwamba yeye ni mchafu, au mchawi, na hakuna neno la tatu. Nilijiambia ni miezi michache tu, Kasimiri, fikiria kile kiti.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililonikera, nalo halikuwa la tumbo. Kwenye njia ya Urambo kuna daraja, siku zile lilikuwa la mbao, jembamba, magari mawili hayapishani. Fundi alilifinyanga kila jioni, kwa sababu alisema bwana wa magari hakosi kuuliza habari ya daraja. "Nani apite kwanza?" anauliza. Na jibu alilotukaririsha lilikuwa hili: "Anayeteremka pwani apishwe." Alilisema akiwa amenyoosha mgongo, kwa fahari, kwani babu yake alikuwa mpagazi. Zamani, alisema, misafara miwili ikikutana kwenye kinjia, wanaoteremka pwani na pembe za ndovu mabegani ndio wenye njia, na wanaopanda kutoka pwani na vitambaa vyao na shanga zao wanakaa pembeni majanini mpaka wenzao waishe. Kwa hiyo gari linalotoka Urambo kuja Tabora linateremka pwani, lipishwe. Linalotoka Tabora lingoje, hata kama limefika tangu asubuhi. Na kweli madereva wote wa njia ile walifanya hivyo. Nimekaa juu ya ngozi nikaliona lori tupu limesimama ng'ambo ya daraja, dereva ametoka anajisaidia kichakani, anatusubiri sisi tulio mbali bado tunatimua vumbi, kwa sababu sisi tunakwenda upande wa bahari ambayo hatukuwa na mpango wa kufika.

Sasa, mimi nilikuwa nimesoma kwa mapadre mpaka Kiingereza kikanikaa. Hilo nilikuwa nalificha. Utingo anayejua Kiingereza anageuzwa mchezo, kila mlevi wa stesheni atataka umsomee lebo ya chupa. Na chini ya kiti cha lori letu, pamoja na jeki na matambara, kulikuwa na kitabu chembamba cha kanuni za barabara, kimelowa oili. Nilikuwa nakisoma juu ya ngozi, safari nzima, nimejifunika turubai. Nilikijua chote. Na kitabu kilisema wazi: penye daraja jembamba, aliyefika kwanza ndiye apite, mwingine asimame. Hakuna pwani humo, hakuna pembe. Nikaona kwamba tunakaririshwa uongo, tena uongo wenye mate. Ningemwambia Fundi? Umwambie nini mtu anayejiona babu yake ndiye aliyeichonga barabara? Nikanyamaza. Nikasema siku ya mtihani nitajibu kwa kitabu.

Nikaharibu mambo kwa tumbo langu. Jioni moja mvua ilikuwa inanyesha, chumba kimefungwa, ngozi za ng'ambo ya ukuta zinatoa joto lake, na Fundi alikuwa na mafua. Amelifinyanga daraja vizuri, amepanga dagaa huku na huku, akapiga chafya. Haikuwa chafya ya kuficha. Mlenda ulitikisika. Alipangusa pua kwa kiganja, akaokota lile gari lililokuwa likiteremka pwani, akalisogeza mbele yangu. "Daraja la leo la Kasimiri," akasema. "Kula."

"Ahsante, Fundi. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Umetoka kazini sasa hivi."

"Nimeshiba, Fundi. Naomba uniwie radhi."

Akanitazama. Mvua inapiga bati, Yusufu ameacha kutafuna. "Unaona kinyaa," akasema, taratibu, hakuuliza. Nilitakiwa niseme hapana haraka haraka na nile. Nilijua hivyo. Mkono ulikataa kutoka pajani. Akamrudisha yule dagaa kwenye daraja, akamtia mdomoni mwake mwenyewe, akatafuna. "Basi," akasema. "Mwenye kinyaa hatulazimishi." Tangu siku hiyo alinikaribisha darasani kama kawaida, akanijibu salamu kama kawaida, wala hakunisukumia gari tena hata moja. Yusufu alinilaumu njia nzima tukirudi. "Dagaa mmoja tu, ndugu yangu! Si ungemeza ukatapike nje? Si ndiyo kazi yako?"

Mvua zikakatika, ikafika siku ya mtihani. Ulifanyika ofisini kwa bwana wa magari, chumba cheupe, safi, sakafu imesuguliwa, nikavuta pumzi kwa raha mara ya kwanza mwaka ule. Bwana mwenyewe alikuwa Mzungu mgeni, ameletwa kutoka koloni jingine, shingo nyekundu kwa jua, na mtihani wake mwenyewe wa Kiswahili alikuwa bado hajafaulu. Fundi Mrisho alikaa pembeni yake na koti lake la khaki limepigwa pasi. Tuliingizwa sote pamoja tukapangwa ukutani, Yusufu mbele yangu. Mezani palikuwa na magari madogo ya mbao, makavu kabisa, na barabara imechorwa kwa rangi. Yusufu akaulizwa ishara za mkono, akazijibu. Akaulizwa daraja. "Anayeteremka pwani apishwe, bwana!" akasema kwa sauti ya gwaride. Fundi akamgeukia Mzungu, akasema kwa Kiingereza, uso hauna hata mkunjo, "Anasema aliyefika kwanza ndiye apite, bwana."

Alikuwa anajua! Miezi yote ile, mate yote yale, alikuwa anajua jibu la kitabu. Alitufundisha la babu yake, na mbele ya Mzungu akalifua mwenyewe likatoka jeupe. Ndiyo maana hakuna aliyeshindwa. Tungeweza kuingia mle tukaimba, na yeye angetafsiri sheria. Mzungu aliitikia kwa kichwa, akaandika, Yusufu amepita. Nikaitwa mimi. Nilijibu alama, nilijibu taa, Fundi akayafikisha vizuri tu, nikaanza kujilaumu kwa kumdhania mabaya. Likaja daraja. Nikasema polepole, kila neno peke yake: "Aliyefika kwanza apite, bwana. Wa pili asimame." Fundi Mrisho akageuka, akasema kwa Kiingereza, "Huyu anasema yule anayekwenda upande wa pwani."

Mzungu alicheka. Sijui kwa nini nilitegemea kitu kingine. Alirudia neno pwani, akaona ni kichekesho, mtu wa Tabora na pwani yake. Nami nikafungua mdomo, nikasema kwa Kiingereza cha mapadre, "Hapana, bwana. Nimesema aliyefika kwanza." Kicheko kikakatika. Alinitazama jinsi unavyomtazama mbuzi aliyekusalimia. Akamgeukia Fundi. Fundi wala hakutoa jasho. "Anajua Kiingereza, bwana," akasema, kwa masikitiko makubwa. "Alikuwa amesimama hapo nyuma. Amenisikia nikikwambia jibu la mwenzake." Basi. Uso wa yule Mzungu ukabadilika. Ujinga angenisamehe, lakini mweusi anayesikiliza Kiingereza chake kwa siri, hapana. Akapiga mstari. "Arudi mwakani," akasema, na Fundi akanitafsiria, kana kwamba sikusikia.

Nje nilimfuata barazani. "Fundi, kwa nini? Nimekukosea nini?" Alikuwa anajifungulia tumbaku. "Ulisema umeshiba," akasema. Akaenda zake.

Nasema wazi, niliwachukia wote wawili sawasawa. Yule msafi na sakafu yake iliyosuguliwa, na huyu mchafu na kopo lake. Wameketi meza moja, wanasaidiana. Wote waliosema uongo siku ile walitoka na leseni, na mimi peke yangu niliyesema kilichoandikwa nikarudi juu ya ngozi. Yusufu akapewa ufunguo. Hakunisimanga, hana tabia hiyo, tena mara nyingine alisimamisha lori akaniita nikae ndani. Nilikataa. Nilisema siwezi kuingia kwa huruma mahali nilipostahili kwa haki, maneno ya kijana, na harufu yangu ile. Nikabaki juu, kiangazi kizima, gogo langu mkononi, nikilala na funza na kuwaza mwakani. Na mwakani mkalimani atakuwa nani? Yule yule. Hilo ndilo lililokuwa linanila.

Mvua za kwanza zikatukuta tunatoka Urambo, tumejaza. Tumetoka kuvuka mbuga yenye maji, tunaliona daraja kwa mbele, na ng'ambo yake kuna gari dogo limekwisha ingiza magurudumu juu ya mbao. Yusufu wala hakupunguza mwendo. Tunateremka pwani, tutapishwa! Akaingia. Tukakutana katikati, pua kwa pua, breki zinalia, mzigo umenisukuma mpaka nikaikumbatia kabini kwa tumbo. Mlango wa gari dogo ukafunguka, akatoka bwana wa magari mwenyewe, peke yake, shingo nyekundu kuliko siku ile. Alimrudisha Yusufu nyuma mpaka nchi kavu, hatua kwa hatua, kwa kupunga mikono na matusi. Halafu akamsimamisha kando ya njia. "Leseni!" Hilo lilieleweka. Akaishika, akaanza kufoka Kiingereza, na Yusufu anasema "Ndiyo bwana, hapana bwana," kwa zamu, bila mpango. Mzungu akachoka, akatazama juu ya lori. Akaniona. Akanikumbuka. "Wewe," akaniita kwa Kiingereza. "Shuka. Mwulize huyu, kwenye daraja nani apite kwanza. Nataka jibu lake kamili, neno kwa neno. Akikosea, naichana hii."

Nikashuka, nzi wangu nao wakashuka. Nikamwuliza Yusufu. Yusufu ameshika kofia kwa mikono miwili, mke wake amejifungua juzi. Akanijibu kwa moyo wake wote jibu pekee alilokuwa nalo: "Mwambie anayeteremka pwani apishwe. Si ndivyo? Si ndivyo nilivyomjibu siku ile, akakubali?"

Nilisimama pale katikati yao. Kiti kilikuwa kitupu tayari, naona mlango wake uko wazi. Sikuhitaji kusema uongo. Nilitakiwa nifikishe neno kwa neno, kama nilivyoagizwa, kweli tupu, na leseni ingechanika. Haki ya Mungu nilifungua mdomo niseme kweli. Kilichotoka kilikuwa Kiingereza laini ambacho sijui kilipikwa wapi. "Anasema, bwana, aliyefika kwanza ndiye apite, na kwamba wewe ndiye uliyefika kwanza. Anasema alikanyaga breki, lakini tumevuka maji, zimelowa, hazikushika. Anaomba radhi sana." Yusufu alisikia neno breki, akaanza kuitikia kwa kichwa kwa nguvu. Yule bwana akatutazama, mmoja, halafu mwingine. Akaenda akapiga teke tairi letu, likamrushia matope, akaona ni kweli tumetoka majini. Akamrudishia Yusufu leseni. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti nyingine kabisa, karibu ya kirafiki, "Kiingereza chako kizuri. Njoo ofisini Jumatatu."

Jumatatu nilioga mara mbili kwa sabuni ya kufulia. Njia nzima nilikuwa najiuliza na kujijibu: alama ya pembetatu, mkono ulionyooka, umbali wa kuegesha, taa za gari linalokuja, daraja. Sasa atanihoji kwa Kiingereza, hakuna mtu katikati, na mimi nakijua kile kitabu kuliko yeye. Niliingia nikasimama wima. Hakuinua hata kichwa. Akaniuliza jina, akaandika, akaniendeshesha gari mpaka kona ya pili na kurudi, akapiga mhuri. Akanipa. Nikaendelea kusimama. "Maswali, bwana?" nikasema. Akapunga mkono. "Wewe ni mtu wa kuaminika. Nilikusikia darajani." Hata swali moja hakuniuliza, mpaka leo. Miezi nimekula ugali wa Fundi, mwaka mzima nimesoma kitabu juu ya uvundo, na jibu pekee lililowahi kunilipa ni lile la uongo.

Barazani Fundi Mrisho alikuwa amekaa na kundi jipya la wanafunzi, anangoja kuitwa. Akaiona leseni mkononi mwangu kabla hajaniona mimi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akatafuna kidogo. "Yusufu amenisimulia ya darajani. Ila yeye Kiingereza hajui, hakunielezea vizuri. Yeye alisema nini?"

"Alisema anayeteremka pwani apishwe."

"Na wewe ukasema nini?"

Nikamwambia, neno kwa neno, na breki zilizolowa pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, jicho moja amelifinya, akinisahihisha kimoyomoyo. Halafu akacheka, kicheko cha furaha kabisa, kisicho na kinyongo hata chembe, mpaka tumbaku ikamtoka puani. Akawageukia wale vijana. "Mnamwona huyu? Huyu ni mwanafunzi wangu." Akanitazama tena. "Sasa ndiyo umefaulu, mwanangu."

Nilitaka kuichana ile leseni mbele ya macho yake. Nikaitia mfukoni, nikaenda kazini.